Mbuzi wa Tatu Hakusikika

Mimi ni muuza magodoro mjini Machakos, na kwa msimu mmoja mzima nilikuwa pia babu yangu mwenyewe. Ilikuwa kila Jumamosi alasiri, redioni, baada tu ya matangazo ya vifo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu hunikatiza nikifika katikati, wakitaka nirudi mwanzo, nami sina subira hiyo.

Chanzo kilikuwa godoro. Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu aliingia dukani kununua la inchi sita. Alilibonyeza, akalinusa, kisha badala ya kuuliza bei akapiga makofi na kutega sikio. "Hapa hakuna mwangwi," akasema. Kweli haukuwepo. Magodoro yakipangwa hadi darini humeza kila sauti, hata mteja akikutukana humsikii vizuri. Kumbe kituo kimoja cha redio cha Kikamba kilikuwa kimempa nusu saa ya mchezo, naye alikuwa akihangaika kutafuta mahali pa kurekodia. Aliyatazama magodoro, akanitazama mimi. Alikuwa amesikia kwamba shuleni nilikuwa nikiandika michezo ya kuigiza. "Wewe utaandika," akasema, "na utaigiza. Sauti zote za kike niachie mimi." Sikukubali. Aliondoka bila godoro, mimi nikabaki na kazi.

Nikaandika mchezo wa kusafiri katika wakati. Kijana wa siku hizi, mwenye simu kubwa na akili ndogo, anapeleka mahindi kwenye kisiagi, ile mashine ya kusaga unga. Anainama kuangalia kwa nini mkanda umeteleza, anavutwa ndani, anatokea upande wa pili katika enzi za babu yake. Huko anamkuta babu ni mvivu asiye na haraka yoyote ya kuoa. Kijana anapiga hesabu zake: babu asipooa, yeye hatazaliwa, na asipozaliwa, nani atapeleka mahindi kisiagini? Inabidi amsukume babu mpaka aoe. Huo ndio mchezo wote.

Sauti ya mashine ya wakati tuliirekodi kwetu Kalama, kwenye kisiagi chenyewe, kikikohoa, kikigoma, kikikohoa tena. Mwenye kisiagi alikuja kunilaumu baadaye. Alisema watu wanafika bila mahindi, wanauliza inaondoka saa ngapi. Mama mmoja hakutaka hata kwenda mbali. Alitaka kurudishwa siku ya soko iliyopita tu, kwa sababu alikuwa amesahau mwavuli mahali.

Babu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, ilikuwa wazi tu. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na akishapewa jina amepewa mtu mzima mzima. Mama mwenye mwana aliyebeba jina la baba yake humwita "baba," na hamchapi ovyo. Nyanya mwenye mjukuu aliyebeba jina la mumewe humwita "mume wangu," humwekea mnofu mkubwa, humgombeza akichelewa kurudi nyumbani. Ndiyo maana lile swali linalowaumiza wasomi vichwa halikutusumbua sisi. Nilimwuliza mwalimu wa kwaya, je, kijana akimzuia babu yake asioe, itakuwaje? Akanishangaa. "Si yeye ndiye babu yake? Atajizuia vipi?" Sayansi yetu ikakomea hapo.

Sasa, susu wangu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu ndiye aliyemzaa baba yangu. Mimi nina jina la mumewe, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kila susu wa Kalama alikuwa na mjukuu wake wa kumwita mume, akitaniana naye njiani mbele za watu, akimwuliza ameleta nini kutoka sokoni. Wangu hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Aliniita "wewe." Akiwa na furaha aliniita "huyu." Nikiwa mdogo nilidhani nimemkosea kitu. Nilipokua nikadhani alimchukia babu. Nilipoota mvi nikaacha kudhani, lakini iliniuma, na sioni haya kusema kwamba iliniuma hadi na mvi zangu.

Mwaka huo alikuwa ametuvuruga wote. Alianza kudhoofika, miguu ikavimba, daktari akasema moyo umechoka. Siku moja, mbele ya shangazi zangu, akatangaza kwamba akifa asizikwe Kalama kando ya mumewe. Apelekwe Katangi, kule Yatta, kwenye shamba la baba yake. Kwetu mwanamke anayerudishwa kwao kuzikwa ni yule ambaye hakuwa mke wa mtu. Susu alikuwa ameishi Kalama tangu usichana wake, amezaa hapo, amelima hapo, ameota mvi hapo. Shangazi zangu walilia. Mimi nilikasirika. Tulipomwuliza sababu alisema, "Kwani mtachoka kunibeba?" kisha akafunga mdomo. Ikaamuliwa nimbembeleze mimi, kwa kuwa eti ndimi mume. Mume gani anayeitwa "wewe"?

Mambo yalikuwa hivyo tulipofika kwenye kipindi cha ntheo. Ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka kwa kina msichana. Baadaye unaweza kupeleka ng'ombe, asali, blanketi, hata tanki la maji, lakini bila wale mbuzi watatu hujaoa, umeazima. Katika mchezo wetu, kijana wa kisiagi anamsukuma babu mvivu hadi anatoka na mbuzi wake, na nilitaka mbuzi wa kweli, si mtu kujifanya mbuzi. Jirani yangu mwenye hoteli alikuwa amewafunga wawili nyuma ya duka, wakingoja siku yao. Tukawaingiza katikati ya magodoro. Mmoja alikuwa na sauti nzito ya mhubiri, wa pili nyembamba, ya kulalamika. Yule mhubiri alikula kona ya godoro la inchi nane, ambalo hadi leo ninalilalia mimi.

"Na wa tatu?" nikauliza.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amechoka. "Si lazima kila mbuzi aongee," akasema. "Wengine hunyamaza. Hujawahi kuona mbuzi amenyamaza?"

Nikaona ana hoja.

Kipindi kilipotoka hewani, simu ya kituo ililia mpaka jioni. Hakuna aliyeuliza kisiagi kinawezaje kumrudisha mtu enzi za wakoloni. Hilo walilipokea bila shida. "Tumesikia mbuzi wawili," walisema. "Wa tatu yuko wapi?" Mzee mmoja alisema alikuwa amewaita wanawe wote wasikilize wajue desturi, na sasa tumewaharibu. Mwingine alitaka yule kijana aambiwe kwamba ndoa haipo, kwa hiyo hajazaliwa, kwa hiyo aache kuongea redioni. Jumatatu watu waliingia dukani, wakakaa juu ya magodoro yangu bila kuvua viatu, wakaniuliza uso kwa uso nimemficha wapi. Niliwaambia yupo, amenyamaza tu.

"Mbuzi apelekwe kwa watu wageni anyamaze?" waliniuliza. "Utakuwa wewe umemla."

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Kesho yake shangazi yangu anayekaa na susu akanipigia simu kwamba naitwa Kalama, tena nije peke yangu.

Nilimkuta susu ameketi kitandani, redio iko mapajani, imezimwa. Hakunisalimu.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Kuambiwa nini, susu?"

"Kwamba walikuwa wawili."

Nilidhani ni yale yale ya simu. Nikaanza kumweleza habari za jirani, za hoteli, za mbuzi kunyamaza. Akanikatiza kwa mkono.

"Sikuulizi wa duka. Nakuuliza wangu. Babu yako alileta wawili. Wa tatu alisema ataleta mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, ikanyesha, tukazaa, tukazika, halafu yeye akafa. Baba yangu hakumsumbua kwa sababu alimpenda. Waliokuwepo wote wamekufa. Mimi sijamwambia mtu, hata baba yako sikumwambia. Sasa nani alikuambia?"

"Hakuna, susu. Niliokuwa nao walikuwa wawili tu."

"Na yeye ndivyo alivyosema," susu akajibu.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Kulikuwa na kigoda, nikakikalia, magoti yakanifika kidevuni. Ndipo Katangi ikanieleweka, na lile neno "wewe" likanieleweka. Alisema hawezi kumwita mtu mume hali hajaolewa, atakuwa anamdanganya mtoto. Alisema amekaa Kalama kama mgeni, mgeni aliyekawia tu, na mgeni akifa hurudishwa kwao. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akizungusha kile kitufe cha redio. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia babu yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona na ambaye kwa mujibu wa kila mtu nilikuwa mimi.

Nikasema nitapeleka wa tatu. Kesho. Leo, akitaka.

"Utapeleka," akasema, "lakini si kimyakimya. Umeyatangaza redioni, yamalize redioni. Wawili wamesikika mpaka Kitui. Nataka na wa tatu nimsikie kwa masikio yangu."

Sasa, mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja kununua mbuzi. Mimi nilikuwa na akili ya mjini. Nilirudi dukani, tukarekodi babu akirejea kwa mkwe na mbuzi wa tatu, na mwalimu wa kwaya akafungua kompyuta, akamchukua yule mhubiri, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa supu kwa jirani, akampachika tena mahali pake. Alisikika vizuri sana. Tukapongezana.

Jumamosi shangazi akanipigia kabla hata muziki wa mwisho haujaisha. "Susu anasema huyo ni yule wa kwanza," akaniambia. "Anasema mbuzi mmoja hatolewi mara mbili." Kituoni nako simu zilikuwa zimeanza. Wote walikuwa wamemtambua. Yaani mtu kuingia kisiagini asubuhi na kutokea kabla baba yake hajazaliwa, hilo waliliamini. Mbuzi aliyekwisha kuliwa arudi tena, hapo wakasema tunawafanya wajinga.

"Na kuna jambo lingine," shangazi akaongeza. "Amefunga nguo zake kwenye leso. Anasema ni za Katangi, zisije zikatafutwa wakati wa haraka."

Maji yalinifika shingoni. Nikaenda sokoni.

Anayeniuzia mbuzi ni mzee mmoja Msomali ambaye biashara ya mifugo ya Machakos ameirithi kwa baba yake, na Kikamba chake kinawashinda watoto wangu. Alikuwa akiufuata mchezo wetu kila Jumamosi. Nikamwonyesha mbuzi mmoja mweupe, mkubwa, mwenye masikio ya kuning'inia. Akatikisa kichwa.

"Huyu ni wa mchezo ama ni wa kweli?"

"Wa vyote viwili, mzee."

"Basi huyu sikuuzii. Hawa weupe wakubwa zamani hawakuwa huku. Babu yako angemtoa wapi? Baba mkwe akimwona atajua umetoka siku zingine." Akanichagulia mbuzi mdogo wa kienyeji, wa rangi ya udongo, mwenye pembe moja iliyopinda na macho ya dharau. Nikamwambia kwamba baba mkwe mwenyewe bado kijana, anashona suruali kwenye kiwanda kule Athi River. Mzee akamfunga mbuzi kamba. "Nitawapeleka kwa pikapu yangu," akasema. "Hii siwezi kusimuliwa."

Ni kweli alikuwa kijana. Jina la baba ya susu lilikuwa limebebwa na mjukuu wa kaka yake susu, kijana ambaye hajaoa, ambaye nilikuwa nimemwona kwenye mazishi mara moja akiwa amevaa visikizi vya simu shingoni. Nilimpigia simu. Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma.

"Niaje," akasema.

Nikamweleza yote. Alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito.

"Kwa hivyo binti yangu amekaa kwako miaka hiyo yote na wawili tu."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe hukuona haya."

Mimi nina watoto wanaomkaribia umri. Nikasema, "Nisamehe, mzee." Nilijisikia nikilisema, na cha ajabu nilikuwa nalimaanisha.

"Jumamosi sina zamu," akasema. "Uje Katangi, nyumbani. Mapema."

Mwalimu wa kwaya akawabembeleza watu wa kituo, wakakubali kipindi kiende moja kwa moja kupitia simu yake, mara tu matangazo ya vifo yakimalizika. Jumamosi tukapanda pikapu, mimi, mwalimu wa kwaya, mzee wa mifugo na mbuzi. Nyumbani kwa wakwe ni hatua chache kutoka sokoni Katangi, na habari zilikuwa zimetutangulia, kwa hiyo wenye maduka walikuwa wamekuja wote na kuacha maduka wazi. Baba mkwe alitutokea mlangoni amevaa koti kubwa ambalo lazima lilikuwa la mtu mwingine, mikono imefunikwa hadi vidoleni. Visikizi vilikuwa vinaning'inia mfukoni. Hakucheka. Aliketi, akaniacha nimesimama.

"Binti yangu anaendeleaje?" akauliza.

"Miguu inamsumbua kidogo, mzee."

"Anakula?"

"Anakula. Mahindi ya muthokoi tunamkobolea na kumpikia laini, meno hana."

"Mpeni na maziwa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona amehuzunika. Mtu huyu aliwahi kukutana na binti yake mara moja tu, kwenye mazishi yale yale.

Mwalimu wa kwaya akainua kidole. Tulikuwa hewani. Kule Kalama, susu alikuwa ameketi na redio yake na nguo zake kwenye leso. Nikashika kamba, nikasogea, nikasema maneno niliyokuwa nimeyaandika: "Baba, nilileta wawili. Leo nimeleta wa tatu."

Simu ikasogezwa kwenye mdomo wa mbuzi. Mbuzi akaitazama.

Tukangoja. Mwalimu wa kwaya akamgusa mkia. Mbuzi akasogea kando kwa heshima, bila neno. Mzee wa mifugo akampa mahindi kiganjani, labda atafurahi, na redio ya Kikamba ikatangaza moja kwa moja mbuzi akitafuna. Watu wa Katangi wakaanza kutoa ushauri. Mvute sikio. Mwimbie. Mwonyeshe kisu. Mtu wa kituo alikuwa akisema kwenye simu kwamba tangazo la dawa ya kupe linangoja na mwenyewe amelipia.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na kila aliyekuwa na redio Ukambani alinisikia. Nilimwambia yule mbuzi kwamba nimetoka Machakos kwa ajili yake. Nilimwambia kuna mama mzee ameketi amefunga nguo zake, anangoja sauti yake, na kwamba yeye mbuzi siku zote amekuwa akipiga kelele sokoni mpaka watu hawasikilizani, sasa leo, siku ambayo neno lake moja lina maana, ameamua kuwa mtu wa maana. Niliomba neno moja. Mbuzi alimeza mahindi.

"Mkwe," akasema baba mkwe taratibu, "mbuzi bubu siwezi kupokea."

Nikashikwa na woga wa kweli. Nilikuwa nikiusikia ule ukimya jinsi alivyokuwa akiusikia susu, kule Kalama, kwenye redio iliyo mapajani. Kwa mara ya pili katika maisha yake mbuzi wa tatu alikuwa hafiki, na mara hii ni mimi niliyemleta. Sikuwa na maneno mengine yaliyoandikwa. Nikaiweka kamba mkononi mwa baba mkwe, nikasema, "Shika tu, mzee," nikageuka kwenda kwenye pikapu nimeshindwa, macho yameniloa.

Sikufika. Nyuma yangu mbuzi alilia. Alilia kwa sauti chafu, iliyopasuka, si ya mhubiri wala ya mlalamishi, sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia redioni, na hakunyamaza tena. Kumbe alikuwa kimya kwa sababu alidhani tuko pamoja. Alipoona namwacha kwa watu wageni, akaita. Aliita akivuta kamba, koti la baba mkwe likamtoka bega moja, mwalimu wa kwaya akikimbia kando na simu yake, na mzee wa mifugo akafuta macho kwa ncha ya kilemba akisema ni vumbi. Tangazo la dawa ya kupe halikusomwa siku hiyo.

Baba mkwe aliomba simu. Akaivuta karibu na mdomo. "Nimepokea wa tatu," akasema. "Binti yangu, kaa kwako."

Kisha akalivua lile koti, akavirudisha visikizi shingoni, akawa mtu mwingine. "Poa basi," akaniambia. "Nikija Machakos utanitafutia godoro?" Nikamwambia mkwe wangu halali chini nikiwa hai.

Pikapu ilinishusha Kalama jua likiwa limeanza kuzama. Shangazi alikuwa nje akianua nguo, na kati ya zile nguo niliiona leso ya susu, imefuliwa, haina kitu ndani. Alinionyesha mlango kwa kidevu tu.

Ndani kulikuwa na harufu ya muthokoi na nyama. Sahani ilikuwa imefunikwa mezani, na susu ameketi upande ule wa kitanda unaotazama mlango. Alinitazama kutoka juu hadi chini, na vumbi langu lote la Katangi, bila kutabasamu. Nikaanza kumsalimu. Hakunipa nafasi.

"Mume wangu," akasema, "umechelewa sana. Chakula kimepoa."